Saa 72 za Kuzuia Sida

Wasikilizaji, Fizi, huku mashariki mwa Kongo, haijasahau tarehe 1 Januari 2011, wanajeshi walipowavamia raia na kubaka wanawake. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ilikaa mjini Baraka, ikamhukumu kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, miaka 20 jela. Naiheshimu sana hukumu ile. Lakini mwili haungoji mahakama.

Virusi vya sida vikiingia kwa njia ya kujamiiana, ndani ya siku chache hujichimbia katika chembe nyeupe za damu, zile zile zinazotulinda. Bila matibabu huzimaliza mwaka baada ya mwaka, hadi kifua kikuu kinapopata mlango. Dawa za kuzuia zipo: zianzwe ndani ya saa 72 baada ya kubakwa, na kadiri inavyokuwa mapema ndivyo bora, kisha zimezwe kwa siku 28. Mama aliyekimbilia porini, bunduki zikiwa barabarani, muda huo humwishia njiani.

Ndiyo maana dawa hizi zinatakiwa katika kila kituo cha afya, kuanzia rasi ya Ubwari hadi vijiji vya milimani, si hospitali kubwa peke yake. Na mama aliyechelewa apimwe bila kuulizwa alikuwa wapi.