Mlango wa Kwanza wa Shule
Maneno ya walimu wa mwaka wa kwanza, siku ya Jubile ya Parokia

Kamati ya Jubile imetuomba sisi walimu wa mwaka wa kwanza tuseme mbele yenu habari ya kazi yetu ya kila siku. Tumeshukuru, na tumeshangaa kidogo pia, maana katika siku kuu kama hii watu husimulia habari za matofali ya kanisa, za mapadri waliotutangulia, na za kengele. Ni haki kuyasimulia hayo. Lakini kila mmoja wetu anayejua kusoma, awe padri, muuguzi, mvuvi au mama muuzaji wa sokoni, alikutana siku moja na mtu aliyemshika mkono na kumwonyesha namna ya kuandika herufi ya kwanza. Kazi ya mtu huyo ndiyo tunayotaka kuwaeleza leo, na mwisho tutakuwa na ombi.

Huku kwetu kando ya ziwa Tanganyika, kanisa na kalasi zilikua pamoja. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala mwaka 1885, na tangu siku hizo mafundisho ya dini na mafundisho ya kusoma yalikwenda njia moja. Ninyi nyote mnalijua jina la Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri huko Baudouinville, ndiyo Kirungu ya Moba, tarehe 21 Julai 1917. Yeye ni padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu hizi. Kabla ya Kilatini na teolojia, naye alikuwa mtoto aliyejifunza herufi moja moja.

Tangu hapo mambo mengi yamebadilika. Mapatano ya 26 Mei 1906 kati ya Papa na Dola Huru la Kongo yalizipa misioni udongo, nazo zikaahidi kufungua mashule. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ilitwaa mashule yote. Tarehe 26 Februari 1977 ikapatana na Makanisa yazisimamie tena. Vibao vya mlangoni vilibadilishwa, na majina ya nchi pia. Katika miaka hiyo yote mwalimu wa mwaka wa kwanza aliendelea kusimama mbele ya ubao akiandika a, e, i, o, u.

Sasa tuingie pamoja katika kalasi.

Saa moja na nusu ya asubuhi kengele inalia. Watoto wanajipanga mistari, wanasalimu bendera, wanaimba, kisha tunaingia na kusali. Kabla ya somo lolote tunapita kati ya mabenchi. Mgeni akituona atafikiri tunatazama kucha na masikio tu. Kumbe tunatafuta mengine: nani amelaza kichwa juu ya mikono kwa sababu hakula tangu jana, nani ana homa, nani anakunja macho akitazama ubao, nani amekuja na mdogo wake mgongoni kwa sababu mama amekwenda shambani mapema. Mwenye kukunja macho tunamleta mbele. Mwenye homa tunamrudisha kwao pamoja na mkubwa wa mwaka wa sita. Mwenye mdogo mgongoni hatumfukuzi, maana tukimfukuza leo, kesho hatarudi. Na mtoto huyo, mara nyingi, ni msichana.

Mtoto wa miaka 6 haanzi kuandika kwa kalamu, anaanza kwa kidole. Tunatoka nje, tunasawazisha mchanga, na kila mmoja anachora vijiti vilivyosimama, vijiti vilivyolala, duara, na mawimbi kama yale ya ziwa. Baadaye anayachora kwa chaki juu ya kibao chake, ndipo afike kwenye daftari. Wazazi wengine wakipita na kuwaona watoto mchangani wanauliza: «Je, tumewaleta hapa kucheza?» Hapana, wazazi wapenzi. Mkono uliozoea duara katika mchanga ndio utakaoandika o na a pasipo kutetemeka.

Kisha linakuja somo la kusoma. Tunaandika ubaoni maneno ambayo watoto wenyewe wamesema, kwa mfano: Mama anateka maji. Tunasoma yote pamoja. Tunachagua neno mama, tunalikata: ma, ma. Tunauliza: ma hii mnaisikia wapi tena? Wanaitafuta nao wanaipata katika maji, macho, matunda. Kesho yake tunaongeza me, mi, mo, mu. Mtoto akiisha kujua vipande hivi anavijenga upya, na siku moja anasoma mwenyewe neno ambalo hakuna mtu aliyemfundisha. Siku ile uso wake unabadilika. Hatujui malipo mengine yanayofanana na hayo.

Hapa inatupasa kujibu neno ambalo wazazi wanatuambia mara kwa mara: «Kiswahili watoto wanakijua nyumbani, tunawaleta shuleni wajifunze Kifaransa.» Tunawaelewa. Kifaransa ni luga ya mitihani na ya ofisi, nasi tunaanza kukifundisha kwa mdomo tangu mwaka wa kwanza: salamu, majina ya vitu, amri ndogo ndogo. Lakini kusoma ni jambo lingine. Tazameni neno maji: lina herufi 4, na sikio linazisikia zote. Kwa Kifaransa maji ni eau: herufi 3, na sikio linasikia sauti moja tu, nayo ni o, ambayo haionekani kabisa katika neno lile. Mtoto asiyejua bado kwamba herufi ni alama ya sauti atafikiri kusoma ni kukariri, naye atakariri ubao wote pasipo kusoma hata neno moja.

Ni vivyo hivyo katika hesabu. Tunafunga vijiti 10 kwa kamba, tunaweka kijiti 1 kando, tunauliza ni ngapi. Mtoto anajibu: kumi na moja. Jibu lake linaeleza lile analoliona kwa macho: fungu moja la kumi, na moja zaidi. Katika neno la Kifaransa onze, kumi imejificha. Atalijifunza neno hilo, na atalijifunza upesi, kwa kuwa hesabu yenyewe ameisha kuielewa. Hata sheria ya 11 Februari 2014 juu ya mafundisho katika nchi yetu imekubali kwamba luga za taifa au luga za mahali zitumike kwa kufundishia, tena zifundishwe kama somo. Na kwa yule anayetoka kijijini akisikia Kitabwa tu nyumbani, tunamwambia kwanza kwa Kitabwa, kisha kwa Kiswahili. Hatuoni haya kufanya hivyo. Mtu huingia nyumbani kwa mlango, hapiti juu ya paa.

Mvua ikinyesha juu ya mabati, sauti yetu haifiki hata kwenye benchi la pili. Hapo hatushindani na mvua. Tunaonyesha herufi kwa fimbo, watoto wanaiandika katika vibao na kuviinua juu, nasi tunasahihisha kwa kichwa: ndiyo, hapana. Kalasi nzima inanyamaza, na kazi inaendelea.

Wandugu wapenzi, hayo yote yanawezekana kama mwalimu anaweza kumfikia kila mtoto. Na hapa ndipo penye shida.

Katiba ya mwaka 2006 ilisema shule za msingi za serikali ni bila malipo, na tangu Septemba 2019 neno hilo limeanza kutimizwa. Sisi tulifurahi. Tuliona watoto wakija ambao miaka iliyotangulia walikuwa wakitazama shule kutoka barabarani, na wasichana ambao zamani kaka zao walitumwa peke yao kwa kuwa feza haikutosha. Hatutaki hata mmoja wao arudishwe. Lakini furaha ile iliingia katika kalasi zilezile, zenye mabenchi yaleyale. Mtoto wa nne anaketi juu ya benchi la watatu, na wa mwisho anaketi chini.

Tufanye hesabu pamoja. Tukipewa dakika 30 za kuandika, ndizo sekunde 1800. Kwa watoto 50, kila mmoja anaweza kupata sekunde 36 za mwalimu wake: kutazama namna anavyoshika chaki, kumsahihisha, kumsifu. Kwa watoto 100 anapata sekunde 18, yaani muda wa kusema jina lake na kupita. Yule mwerevu atajisaidia. Yule mwenye aibu, anayeketi nyuma, atamaliza mwaka pasipo mtu kujua kwamba hakuelewa. Mwaka wa pili atafichika, mwaka wa tatu atachekwa, mwaka wa nne atakwenda kuvua samaki. Watu watasema ameacha shule mwaka wa nne. Sisi tunasema: alipotea mwaka wa kwanza, katika zile sekunde 18.

Mchana watoto wakienda kwao, kazi yetu haijaisha. Tunafagia, tunapanga vibao, tunasahihisha madaftari. Tunaokota vifuniko vya chupa kwa hesabu ya kesho, tunakata vijiti, tunaandika matayarisho ya masomo yote ili inspekta akija ayakute. Kisha tunashika jembe kama ninyi nyote, maana mshahara wa mwalimu haufikishi nyumba mwisho wa mwezi, na wengine kati yetu wanafundisha wakingoja jina lao litokee katika listi ya serikali. Usiku tunaandika mbele ya taa ndogo. Hatukuja kulia mbele yenu. Tunasema hayo ili wazazi wajue kwamba mwalimu akimwita mzazi na kumwambia habari ya mtoto wake, ameacha shamba lake kwa ajili hiyo.

Liko neno moja linalotuumiza zaidi ya njaa. Ni desturi ya kuuzarau mwaka wa kwanza. Mahali pengi mwalimu mgeni, asiye na mazoezi, ndiye anayewekwa huko, na mwenye ujuzi anapelekwa mwaka wa sita kwa sababu ya mtihani wa taifa. Chumba kibaya kuliko vyote, chenye sakafu ya udongo, ndicho chumba cha wadogo. Je, mjenzi huweka mawe mazuri juu, na mawe mabovu katika msingi? Mama Kanisa hakufikiri hivyo. Mwaka 1910 Papa Pius wa 10 aliamuru watoto wasizuiliwe Komunyo Takatifu tangu umri wa akili, yapata miaka 7. Alijua kwamba roho ya mtoto mdogo inaweza kupokea jambo kubwa. Watoto wetu wa mwaka wa kwanza wako mlangoni pa umri huo. Tusiwafanye watu wa kungoja.

Basi, ombi letu ni hili, nalo lina sehemu tatu.

Kwa wazazi: Mtaguso wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la 28 Oktoba 1965, ulikumbusha kwamba ninyi ndio walezi wa kwanza. Walete watoto juma la kwanza la Septemba, siyo Oktoba shamba likiisha. Mtoto aliyekosa juma zile amekosa mchanga na duara, nasi hatuwezi kumrudishia. Jioni mwombeni awasomee neno moja, hata kama ninyi hamjui kusoma. Yeye atawaona mkisikiliza, na hiyo inatosha.

Kwa mapadri na wakubwa wa shule: wekeni katika mwaka wa kwanza mwalimu mwenye subira na mazoezi, tena muache akae huko miaka kadhaa.

Na kwa parokia yote: tumesikia mkiulizana sadaka ya Jubile itumikie nini. Wengine wametaja tao la matofali penye njia ya kuingia kanisani. Tao ni zuri, nasi tungepita chini yake kwa furaha. Lakini tunawaomba kwa heshima: jengeni kwanza chumba cha pili cha mwaka wa kwanza, chenye sakafu ngumu, madirisha mawili na ubao mkubwa, ili watoto wagawanyike, na sekunde 18 ziwe tena 36. Matofali ni yaleyale. Mikono ya wanaume waliojenga kanisa hili iko, na mikono ya mama waliobeba maji na mchanga iko. Sisi walimu tutabeba pamoja nanyi kila siku ya posho, tangu juma lijalo kama mkitaka.

Tunawashukuru mapadri na masista waliotutangulia katika kazi hii, na wale walimu wa zamani waliofariki, ambao hawakuandikwa katika kitabu chochote ila katika mikono yetu tunayoandikia. Mungu awapumzishe. Bikira Maria, aliyemlea Mwana wa Mungu katika nyumba ndogo ya Nazareti, awaombee watoto wote wa parokia yetu.