Sigara Moja Tu: Maneno Yaliyosomwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumepewa nafasi ya kusema nanyi machache juu ya tumbaku. Hatukuja kuwanenea wale wavutao pakiti nzima kwa siku, maana wao wenyewe waijua hatari waliyomo. Maneno yetu yamwelekea yule asemaye, "Mimi si mvutaji, navuta moja tu baada ya chakula," au, "Mimi huvuta penye harusi na matanga tu." Watu wa namna hiyo si wachache miongoni mwetu. Ni watu wa kiasi katika mambo yao yote, na kwa sababu hiyo hujiona wamesalimika.

Hesabu yao ni hii: pakiti ina sigara 20, basi avutaye moja hupata sehemu moja tu katika ishirini ya madhara. Hesabu hiyo ni sawa kwa mfuko wa fedha, lakini si sawa kwa moyo. Mwaka 2018 jarida la madaktari liitwalo British Medical Journal lilichapa kazi ya wataalamu waliokusanya pamoja matokeo ya uchunguzi 141. Walikuta kwamba mwanamume avutaye sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi ambayo sigara humwongezea avutaye 20. Mwanamke naye hubeba kama theluthi. Mithali yasema, haba na haba hujaza kibaba. Lakini katika jambo hili haba ya kwanza peke yake yakaribia kufika nusu ya kibaba.

Na yule asiyevuta kila siku, je? Mwaka 2017 wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walieleza habari za watu zaidi ya 290,000, wenye umri wa miaka 59 hadi 82. Wale ambao muda wote wa kuvuta kwao hawakufikia wastani wa sigara moja kwa siku, hatari yao ya kufa mapema ilizidi kwa asilimia 64 ile ya watu wasiovuta kamwe.

Yafaa tueleze sababu. Moshi wa tumbaku una ile hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, iwauayo watu walalao na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni. Tena moshi huo huikaza mishipa, na kuifanya damu iwe nyepesi kuganda. Mambo hayo hayangoji sigara ya ishirini. Huanza kwa moshi kidogo tu. Ndiyo sababu hata moshi wa sigara ya mwenzio hudhuru mkeo na watoto waketio karibu.

Serikali yetu nayo imeliona jambo hili. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 yakataza kuuza sigara moja moja, na yakataza kumwuzia mtu asiyetimiza miaka 18. Hata hivyo sigara moja moja zingali zikiuzwa vibandani, na kijana asiye na fedha za pakiti huanzia hapo.

Iko habari njema. Muda wa saa 12 baada ya sigara ya mwisho, ile hewa ya sumu hupungua katika damu hata kurudi kiasi cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya maradhi ya moyo iliyoletwa na sigara hupungua kwa kama nusu. Lakini faida hiyo ni ya aliyeacha kabisa, si ya aliyepunguza. Avutaye moja ana kidogo cha kuacha na kingi cha kupata. Na akishindwa peke yake, aende akapate shauri katika kituo cha afya.

Basi twaleta ombi moja mbele ya mkutano huu. Katika shughuli zetu, sigara zimekuwa zikinunuliwa kwa fedha za Chama na kupitishwa katika sinia kuwakirimu wageni. Twajua ni jambo zito, kwa kuwa wazee wetu waliliona kuwa ni heshima kwa mgeni, nasi hatuwalaumu. Lakini Chama hiki kiliundwa ili tusaidiane katika ugonjwa na msiba. Haifai mkono mmoja ugawe sigara, na mkono wa pili uchangishe fedha za mazishi. Twaomba tangu mwaka huu sinia ile ipite na kahawa na tende, na mtu yeyote asimtume mtoto kibandani kumnunulia sigara.

Wazee wakilikubali neno hili, vijana watalifuata.