Sifa za Wateja Tuzipime kwa Mizani



Hapa Rwamgasa mchimbaji hanunui mfuko wa mawe kwa kusikia sifa zake tu. Huchukua sampuli, huisaga, huiosha katika karai, kisha hutazama kilichobaki chini. Anajua kwamba si kila king'aacho ni dhahabu. Lakini sisi tunapotaka kununua simu au betri ya umeme wa jua kwa njia ya intaneti, hutazama nyota tano na maneno ya wateja tusiowajua, kisha tukatuma mshahara. Je, ushahidi huo una uzito gani?

Ni dhahiri kwamba nyota hizo ni mali. Mwaka 2011 mchumi Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba nyota moja zaidi katika mtandao wa Yelp iliongeza mapato ya migahawa ya Seattle, Marekani, kwa asilimia 5 hadi 9. Penye faida ya namna hiyo walaghai hawakosi. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler wa London aliliandikisha banda alimoishi katika mtandao wa Tripadvisor kuwa ni mgahawa. Rafiki zake wakaandika sifa za uongo. Kabla ya kumpikia mteja hata mmoja, banda hilo likashika nafasi ya kwanza miongoni mwa migahawa ya jiji lile.

Hata sifa za kweli zaweza kupotosha. Tukumbuke DECI. Waliopanda "mbegu" mapema walivuna, wakawaeleza jirani zao kwa moyo safi. Hawakusema uongo, lakini mavuno yao yalitoka katika mifuko ya waliojiunga baadaye. Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009, wengi walikuwa wamepanda bila kuvuna.

Basi tuyatupe maneno yote ya wateja? La hasha! Mteja ni shahidi mwema wa yale aliyoyaona: kwamba mzigo ulifika, kwamba bidhaa ilifanana na picha. Lakini aliyepokea betri jana hawezi kushuhudia kwamba itadumu miaka mitano. Kwa hiyo tusihesabu nyota, bali tusome maelezo. Lawama moja iliyoelezwa vizuri ina thamani kuliko sifa ishirini zinazofanana kana kwamba zimeandikwa kwa mkono mmoja.

Aidha, penye mizani tusitafute mashahidi. Kabla ya soko la madini la Geita kufunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo mara nyingi alitegemea neno la mnunuzi. Sokoni, dhahabu hupimwa uzito na usafi mbele ya mwenyewe. Kwa mnunuzi wa bidhaa, mizani ni alama ya ubora ya TBS, risiti, na kukagua mzigo kabla ya kulipa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kupokea malalamiko.

Mwisho, ndugu zangu, wajibu huu unatuhusu sisi hasa, kwa kuwa neno la mwalimu na la mtumishi wa umma huaminiwa na wananchi. Anayelisifia duka la shemeji yake bila kutaja ushemeji huo anaharibu mizani ya watu wote. Tuandike tuliyoyaona, mema na mabaya, wala tusiongeze.