Mtoto Asiyesikia Naye Aende Skuli

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Fundo)



Leo naanza na kosa langu. Mama mmoja alinijia na mwanawe wa miaka minne. Mtoto haitiki akiitwa. Nikamwambia, "Ngoja akue kidogo." Akangoja miaka mitatu. Wenzake wakajua kusoma, yeye yupo pwani peke yake. Mama yule hakukosa. Nilikosa mimi.

Basi msingoje. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya lazima. Na Wizara ya Elimu ina kitengo cha elimu mjumuisho, yaani kumsomesha mtoto mwenye ulemavu pamoja na wenzake.

Tufanye nini?

Kwanza, mpeleke hospitali ya Wete akaangaliwe masikio. Pengine ni nta tu imeziba. Cheti kiweke vizuri.

Pili, chukua daftari. Andika: Anaelewa nini? Nini kinamshinda? Akitaka maji anaonyeshaje? Kalamu unaijua sasa, itumie.

Tatu, nenda kwa mwalimu mkuu mapema. Msomee daftari lako. Omba mtoto akae mbele, mwalimu amwelekee uso anaposema, atumie mikono na picha. Akisema hawezi, muombe aandike barua ofisi ya elimu ya wilaya, nawe ifuatilie.

Ndugu zangu, bahari tunaivuka kwenda kuuza samaki. Tuivuke na kwa ajili ya mtoto.