Wakili Chipukizi na Zile Saa 24 za Mwananchi

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha elimu ya uraia



Mada ya leo ni mipango ya ufadhili inayowapa mawakili chipukizi nafasi ya kutetea haki na uhuru wa raia. Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya wasomi wa Nairobi. La hasha. Mada hii inamhusu mama mboga kuliko inavyomhusu wakili mwenyewe.

Chukua mfano wa mama anayeuza sukuma wiki kando ya barabara. Ijumaa saa kumi na moja jioni anakamatwa na askari wa kaunti kwa kuuza mahali pasiporuhusiwa, kisha anapelekwa kituo cha polisi. Nyumbani ameacha watoto watatu, na wa mwisho bado ananyonya. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema aliyekamatwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, isipite saa 24. Lakini kifungu hicho hicho kinaeleza kwamba saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, atafikishwa kabla ya mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo mama huyu anaweza kulala seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na bado ikasemekana kwamba saa 24 hazijavunjwa.

Je, hana njia? Anayo. Kifungu cha 49 kinampa haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Kinampa haki ya kunyamaza na haki ya kuwasiliana na wakili. Kinasema aachiliwe kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuna sababu nzito ya kumzuia. Tena kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Haki hizi zinamfunga polisi, na zinamfunga askari wa kaunti vilevile.

Haki zote hizo zimeandikwa. Kinachokosekana Ijumaa jioni ni mtu wa kuzitaja mbele ya mkuu wa kituo, kwa heshima na bila woga, ili mama apate dhamana na arudi kwa mtoto wake usiku huo huo.

Mbona mtu huyo ni adimu? Tuangalie safari ya wakili. Anasoma shahada ya sheria chuo kikuu, anaingia Kenya School of Law, anafanya mafunzo ya kazi kwa miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu, anafanya mitihani, ndipo anaapishwa. Wengi hufika hapo wakiwa na mkopo wa masomo wa kulipa. Mama mboga hana pesa za kumlipa. Mwenye kununua shamba anazo. Kwa hiyo wakili kijana anakwenda kwenye mashamba na kampuni. Si kwamba hana moyo wa kusaidia. Ana kodi ya nyumba.

Hapo ndipo mpango wa ufadhili unapoingia. Wafadhili humlipa wakili chipukizi posho au mshahara, mara nyingi kwa mwaka mmoja au miwili, na kumweka katika shirika la kutetea haki chini ya wakili mkongwe. Anatembelea vituo vya polisi na magereza, anaandika maombi ya kesi, anafundisha wananchi. Mteja halipi ada ya wakili. Kwa maneno mengine, ufadhili unanunua muda wa wakili kwa ajili ya mtu asiyeweza kuununua.

Jambo hili si geni. Marekani, Chuo Kikuu cha New York kimekuwa na mpango wa Arthur Garfield Hays wa kuwaandaa wanasheria wa uhuru wa raia tangu 1958. Afrika Kusini, Legal Resources Centre ilianzishwa 1979, enzi ya ubaguzi wa rangi, Arthur Chaskalson akiwa miongoni mwa waanzilishi. Mawakili vijana walijifunzia kazi hapo, naye Chaskalson akaja kuwa rais wa kwanza wa Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo. Hapa Kenya, Kituo cha Sheria kimetoa msaada wa kisheria kwa maskini tangu 1973.

Kazi yenyewe inahitaji subira. Mwaka 2010, wagonjwa wawili wa kifua kikuu huko Kapsabet walifungwa gerezani kwa amri ya korti kwa sababu waliacha kumeza dawa. Walikaa gerezani siku 46 kabla ya Mahakama Kuu kuamuru waachiliwe. Wao pamoja na shirika la KELIN waliendelea na kesi, na Machi 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kumfunga mgonjwa gerezani ili atibiwe ni kinyume cha Katiba. Kutoka 2010 hadi 2016 ni miaka sita. Hakuna mgonjwa maskini anayeweza kumlipa wakili muda wote huo. Lakini uamuzi ule unamlinda kila mgonjwa wa kifua kikuu Kenya nzima, pamoja na wa kaunti hii.

Kwa vijana wetu waliosomea sheria: mnapoomba nafasi hizi, msiandike maneno makubwa kuhusu haki kwa jumla. Andikeni shida moja ya mahali mnapopajua. Soko gani, kituo gani, watu wanakamatwa siku gani, wanakaa ndani muda gani, na nyinyi mtafanya nini. Kijana anayejua lugha ya nyanya yake na njia za kijijini kwao ana kitu ambacho wa mbali hana.

Kwa wakazi: wakili hafanyi kazi kwa hewa. Jamaa akikamatwa, andika saa aliyokamatwa, kituo alichopelekwa na nambari ya OB. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti. Dhamana si faini. Hurudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa amefika kortini kila alipohitajika. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Na haki ikivunjwa, Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini, kwa niaba yake au ya mwingine, bila kulipa ada ya kufungua kesi.

Karatasi ile yenye saa, kituo na nambari ndiyo kitu cha kwanza ambacho wakili kijana ataomba Ijumaa jioni. Akiikuta tayari, kazi imeanza.