Nitacheka Vipi Nisipomkuta? Furaha ya Mbinguni na Wapendwa Wasiokuwepo

Mada kwa semina ya makatekista, wainjilisti na wazee wa kanisa



1. Swali lilikotoka

Miaka ya mwanzo ya utumishi wangu nilibaki msibani siku ya kuanua matanga. Turubai lilikuwa limeshashushwa, na mjane alikuwa akihesabu viti vya kukodi ili virudishwe kabla ya jua kuzama. Mumewe alikuwa mtu mwema, lakini alikufa bila ubatizo. Kila nilipomgusia habari hiyo alinikaribisha chai, mazungumzo yakahama. Mjane akaacha kuhesabu, akaniuliza: "Mwalimu, nikifika huko nisimkute, nitacheka vipi?"

Nilikuwa na jibu mfukoni. "Mama, utakuwa umeshamsahau."

Akanitazama. "Nimsahau niliyezaa naye watoto sita? Basi huyo atakayefurahi si mimi." Akarudi kwenye viti vyake.

Mada hii ni deni la jibu lile. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba ahadi ya furaha ya mbinguni haisimami juu ya kusahau. Tukiijenga hapo, tunamvunja moyo mfiwa na kuyapunja Maandiko.

2. Maandiko

Jibu langu nililitoa Isaya 65:17, panaposemwa kuwa mambo ya kwanza hayatakumbukwa. Laiti ningeanza mstari mmoja nyuma: mstari wa 16 unataja kinachosahauliwa, nacho ni taabu za kwanza. Watu hawatajwi. Tena katika sura ya 49 ya kitabu hichohicho imo habari ya mama anayeweza kumsahau mtoto anyonyaye, na Mungu asiyeweza kusahau. Vipi basi kumkaribia Mungu wa namna hiyo kutufanye sisi wasahaulifu?

Ufunuo 21:4 unasema Mungu atafuta kila chozi. Chozi hufutwa pale lilipo. Ninayemwona katika mstari huo ni mzazi aliyeinama kumpangusa mtoto uso, na mtoto mwenyewe amefika akilia.

Habari ya tajiri na Lazaro, Luka 16, tumezoea kuihubiri kwa ajili ya moto. Leo tumtazame Ibrahimu. Yuko mahali pa faraja, lakini anamsikia tajiri, anamjibu, tena anamwita mwanawe. Shimo kubwa lipo kati yao na hatuna ruhusa ya kulifukia. Hata hivyo, shimo hilo halikumtia Ibrahimu uziwi.

Na Yesu mwenyewe, katika Yohana 20, anamwonyesha Tomaso alama za misumari katika mwili uliokwisha kufufuka. Kama kumbukumbu za uchungu zingestahili kufutwa katika utukufu, zingeanza kufutwa pale.

3. Walimu wa Kanisa

Mtakatifu Augustino alilishika swali hili katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu. Anafundisha kwamba waliookolewa watajua walikotolewa na watajua hata hali ya waliopotea. Wasipojua, wataimbaje rehema za Mungu? Ila anatofautisha namna mbili za kujua. Daktari anayajua magonjwa mengi kwa kuyasoma, mgonjwa anaujua ugonjwa wake kwa kuuugua. Mbinguni, uovu utajulikana kwa namna ya daktari. Jibu hili lina akili sana kuhusu maumivu niliyoyapata mimi. Lakini mjane aliniuliza juu ya mtu mwingine, na mke hamjui mumewe kwa namna ya daktari.

Thomas wa Akwino, katika sehemu iliyounganishwa na kitabu chake kiitwacho Summa baada ya kifo chake mwaka 1274, alikwenda mbali zaidi. Huruma, anasema, ina nafasi pale ambapo aliye taabuni anaweza kutolewa. Kwa hiyo wateule hawawahurumii waliohukumiwa. Hawayafurahii mateso yenyewe, wanaifurahia haki ya Mungu na kuokoka kwao. Kwa mantiki, hoja imefungwa vizuri. Nani kati yetu angethubutu kuisoma kaburini?

Wengine walitaka kulimaliza swali kwa kufundisha kwamba mwishowe wote wataokoka. Fundisho hilo, lililohusishwa na Origen wa Aleksandria, lilikataliwa na Kanisa katika karne ya 6. Swali likabaki.

4. Waliolia kabla yetu

Mmisionari Fransisko Xavier aliandika mwaka 1552 kuhusu Wajapani aliowahubiria. Waumini wapya walimwuliza kama wazazi na watoto wao waliokwisha kufa wangeweza kusaidiwa kwa sala au sadaka. Alipowajibu kwamba haiwezekani, walilia, na yeye mwenyewe akakiri kuwa aliyazuia machozi yake kwa shida. Sidhani kilio cha Wajapani wale kilikuwa upungufu wa imani.

Perpetua, shahidi wa Karthago mwaka 203, alikuwa gerezani alipomkumbuka mdogo wake Dinokrate, aliyekufa akiwa na umri wa miaka 7 kwa kidonda cha usoni. Katika maono alimwona ana kiu mbele ya birika ambalo ukingo wake ulimpita kimo. Perpetua akamwombea mchana na usiku. Akamwona tena: ukingo umeshuka hadi kitovuni, mtoto anakunywa, kidonda kimekuwa kovu, kisha anakwenda kucheza. Mama huyu alikuwa akingojea kutupwa kwa wanyama, na bado alikuwa na nafasi moyoni ya kumhangaikia mdogo wake.

Kwetu, John Mbiti wa Kenya aliandika mwaka 1969 kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika marehemu bado yu hai kwa namna fulani maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Kwa masikio yaliyolelewa hivyo, nilichomwambia yule mama kilikuwa mazishi ya pili ya mumewe.

5. Tuseme nini msibani

Kwanza, tusihukumu. Kanisa Katoliki limewatangaza watakatifu wengi, lakini halijamtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko jehanamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba hata asiyeijua Injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kupata wokovu. Tunaoombea marehemu tuwaombee; ndugu zetu wasiowaombea wanaweza kumwombea mfiwa, na marehemu wakamwacha mikononi mwa Mungu.

Pili, tusimtangaze marehemu kuwa yuko peponi ili tu kilio kipungue. Waliokaa mkekani wanamjua.

Tatu, tusiione huzuni kuwa dhambi. Paulo, aliyewahimiza Wafilipi wafurahi siku zote, anakiri katika Warumi 9 kwamba ana uchungu usiokoma kwa ajili ya ndugu zake, hata angekubali yeye atengwe na Kristo kwa ajili yao.

6. Hitimisho

Yule mama naye ameshatangulia. Laiti siku ile ingerudi, ningeanza kwa kushika viti upande wa pili tuvibebe pamoja. Kisha ningemwambia: "Mama, hutamsahau. Sijui Mungu amefanya nini na mzee, ila najua hujampenda kumzidi aliyemwumba. Hilo swali lako nenda nalo hivyohivyo, ukamwulize mwenyewe."

Maswali ya majadiliano

1. Ni maneno gani ya faraja tunayoyatumia misibani ambayo Maandiko hayayaungi mkono?
2. Katika Luka 16, kwa nini Ibrahimu anamwita mwanawe mtu asiyeweza kumsaidia?
3. Familia yenye waumini na wasioamini ikifiwa, nani azungumze kaburini, na aseme nini?