Malezi ya Muda ya Mbwa: Somo la Walezi wa Tembo wa Voi



Nimeombwa nizungumzie malezi ya muda ya mbwa mkubwa, kijana, asiyetulia, wakati tukimtafutia mwenyewe. Nitaanzia kwa tembo. Mnivumilie, kwani sisi wa Voi tunaye mwalimu mlangoni.

Miaka ya 1970 Daphne Sheldrick alikuwa akilea ndama wa tembo aitwaye Aisha hapa Tsavo Mashariki. Kwa miaka mingi ndama wachanga walimfia kwa kukosa maziwa ya kuwafaa, mpaka alipojaribu yenye mafuta ya nazi. Aisha akanawiri. Kisha Daphne akasafiri kwenda kwenye harusi ya bintiye. Ndama akagoma kunywa, akakonda, akafa. Maziwa yalikuwa yaleyale. Aliyekosekana ni mtu mmoja. Tangu hapo walezi wa tembo mayatima hupokezana: anayelala na ndama leo siye atakayelala naye kesho.

Sasa nije kwa Bosi, mbwa niliyemlea kwa muda. Aliachwa penye maegesho ya malori Maungu, dume, chotara wa jerman shepadi, umri kama miezi kumi, kilo 34 kwenye mizani ya mahindi. Siku ya kwanza alipelekwa kuchanjwa kichaa cha mbwa na distempa, kabla hata ya kuogeshwa. Hilo msilifanyie mzaha: mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na sisi tunapakana na mbuga.

Chakula hakikunisumbua, ugali na omena anakula. Kilichonisumbua ni kuruka. Alirukia watoto, akarukia sufuria, na Ijumaa moja akamrukia jirani yangu akienda msikitini, kanzu nyeupe. Wengi wetu wa dini nyingine hapa Voi hatulijui hili vizuri: kwa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na yalipogusa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwangu ilikuwa furaha ya mbwa, kwake ni sala inayompita. Nilimwambia, "Maalim, niwie radhi, huyu bado mtoto." Akanijibu bila hasira, "Mwanangu, mbwa simlaumu. Kamba ilikuwa mkononi mwa nani?"

Haikuwa mkononi mwa mtu.

Mbwa kijana huruka kwa sababu kuruka kunamlipa. Ukimsukuma unampa mikono, ukimfokea unampa sauti, na ndivyo alivyovitaka. Tukakubaliana nyumbani: akiruka, mpe mgongo, nyamaza. Miguu yote minne ikiwa chini, mpe kipande cha utumbo. Juma la kwanza aliruka zaidi ya mwanzo, na hapo ndipo walezi wengi hukata tamaa wakachukua fimbo. Juma la tatu alikuwa akiketi mwenyewe mtu anapofungua geti. Matembezi yalikuwa alfajiri kabla jua la Voi halijawaka, kwa kamba ndefu ya katani, mbali na upande wa hifadhi. Mle mbwa hawaruhusiwi, na tembo hawana subira na anayebweka.

Hapo ndipo nikamkumbuka Aisha. Bosi alikuwa ameanza kunitii mimi tu. Nikitoka, analia getini na kukataa chakula. Kusema kweli nilijisikia vizuri, na ndiyo hatari yenyewe. Nikaanza kupokezana: leo mke wangu anampa chakula, kesho kijana wangu anamtembeza, usiku soja anamlaza. Mengine yote niliyosema mnaweza kuyabadilisha kufuatana na mbwa mliye naye. Hili la kupokezana nisingelibadilisha.

Waliokuja kumtaka waliuliza swali moja: "Ni mkali?" Wawili walitaka kumfunga mnyororo mchana kutwa. Niliwanyima. Mbwa mwenye nguvu hizo akifungwa, ndipo ukali unapopatikana, na wa kwanza kuumwa huweza kuwa mtoto wa nyumba hiyo. Wa tatu, mkulima wa Mwatate, alikuja mara nne kabla ya kumchukua, akamlisha, akamtembeza, nami nikiwa ndani ya nyumba nisionekane.

Miezi miwili baadaye nilikutana nao sokoni Mwatate. Bosi alinusa viatu vyangu, akatikisa mkia, akaketi. Kisha akarudi kulala kwenye kivuli cha pikipiki ya mwenyewe.